Barua kwa Mwalimu: "Hiyo furaha ya kufundisha, mbona mimi siioni?"

*Kila toleo, mwalimu mstaafu anajibu barua za wasomaji wetu kuhusu shule na malezi. Safari hii barua ni tatu.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi na huu ni mwaka wangu wa 4 kazini. Niliingia ualimu kwa kuupenda, si kwa kukosa kazi nyingine. Chuoni tuliambiwa kwamba kazi hii ina malipo ya moyo yasiyopatikana kwingine. Nimeyangoja. Darasa langu lina watoto 58, na nikimaliza kusahihisha madaftari usiku umeshaingia. Nikiwauliza wenzangu ofisini wananiambia, "Utazoea." Sitaki kuzoea. Nataka kujua kama furaha hiyo ipo kweli, au ni maneno tunayopewa ili tuvumilie. Na kama ipo, mbona mimi siioni?
*Mwalimu wa mwaka wa 4*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ipo. Nimefundisha miaka 34, mingi yake Hisabati na Kiswahili kwa madarasa ya chini, na neno hilo silisemi kukufariji. Ila hata mimi nilielekezwa kuitafuta kama ulivyoelekezwa wewe, nikapoteza karibu miaka 6 nikiitafuta mahali isipokaa.

Niliitafuta katika kupendwa. Watoto wakinikimbilia asubuhi kunipokea mkoba, siku yangu imekuwa njema. Wakininunia kwa sababu nimewapa jaribio, silali. Darasani nilikuwa nawauliza zaidi wale 7 au 8 wa mbele, ambao mkono uko juu kabla swali halijaisha, kwa kuwa majibu yao yalinituliza. Wewe ni mwalimu, utaelewa nikisema kwamba niliwatumia watoto werevu kujiliwaza, na wengine 40 na kitu wakawa watazamaji.

Aliyenitoa huko ni binti mmoja wa dawati la nyuma, karibu na dirisha. Tulikuwa kwenye kutoa kwa kukopa. Nimewapa 402 toa 178, yeye kaandika 376. Nimewapa 503 toa 267, kaandika 364. Wiki baada ya wiki ni hivyo hivyo, na mimi wiki baada ya wiki namchorea mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, na kuandika chini, "Ongeza bidii."

Siku moja mvua ilinyesha kwa kishindo, sauti yangu haifiki hata dawati la pili. Nikaacha kufundisha kutoka mbele, nikapita dawati kwa dawati. Nilipofika kwake nilikaa kwenye ubao wa dawati lake, kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka, nikamwambia, "Hebu nionyeshe ulivyofanya hii." Akaweka kidole kwenye mamoja. "Mbili toa nane haiwezekani, Mwalimu. Ulisema kubwa haitoki kwenye ndogo. Kwa hiyo nikachukua nane nikatoa mbili, nikapata sita." Kidole kikahamia makumi. "Sifuri toa saba nayo haiwezekani. Saba toa sifuri, saba."

Nilipigwa na butwaa. Ile sentensi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeisema ubaoni, kwa mkato, siku ya kwanza ya mada, na katika darasa zima yeye ndiye aliyeishika neno kwa neno. Muhula mzima nilikuwa namwekea mkasi mtoto mtiifu kuliko wote.

Tukachukua vijiti. Mafungu 4 ya mia, hakuna makumi, vijiti 2 pembeni. Nikamwuliza tutapata wapi vijiti 8 vya kutoa. Akakaa navyo muda mrefu. Kisha akafungua fungu moja la mia mwenyewe, yakatoka mafungu 10 ya kumi. Akafungua moja la kumi, akahesabu: kumi na mbili. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia hatua inayofuata, lakini sikupata nafasi. Alivuta daftari, akafuta 376, akaandika 224, na bila kuinua uso akahamia 503 toa 267.

Mwanangu, hakuniangalia. Hakutabasamu, hakusema asante, wala sidhani kama alikumbuka kwamba nimekaa pale. Alikuwa na kazi yake. Nami nilikaa kwenye dawati lile na kelele zile za mvua nikiwa na furaha ambayo miaka 6 ya kupokewa mkoba haikuwahi kunipa.

Nimelitafakari jambo hili sana tangu siku ile, na nadhani lugha yetu ilishalisema kabla yangu. Tunasema mwalimu *anafunza*, lakini mwanafunzi hatumwambii amefunzwa tu, tunasema *amejifunza*. Ile "ji" inamrudishia kitendo mwenyewe. Mimi naweza kuleta vijiti, naweza kufuta sentensi mbaya ubaoni na kuandika nzuri, lakini kufungua lile fungu la mia hakuna awezaye kumfanyia. Furaha ya ualimu, kwa jinsi nilivyoionja, ni kuwepo mahali pale mtu anapojifunza, ukiwa karibu kiasi cha kuona. Wazazi wengi hawapati kuiona. Wakubwa wetu wanaokuja kukagua maandalio ya masomo hawaioni kabisa. Ni sisi.

Ndiyo maana madarasa ya kuanza kusoma ni hazina, ingawa walimu wengi huyakimbia. Kwa wiki nyingi mtoto anaimba *ba be bi bo bu* na wewe hujui kama anasoma au anakariri wimbo. Kisha asubuhi moja anakuwa na neno mbele yake. "Ki… ta… bu." Anarudia. "Ki, ta, bu." Mara ya tatu sauti inakwenda kasi, silabi zinashikana, na anasimama: "Kitabu! Mwalimu, ni hiki!" Anakitazama alichoshika kana kwamba kimetamka jina lake. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na halijawahi kuchuja.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, kwa nini huioni. Sidhani kama kuna kasoro kwako. Seremala akimaliza meza anaisukuma kwa mkono aone kama inayumba. Sisi kila mwisho wa mwaka tunakabidhi kazi ambayo haijaisha, na anayeipokea hatuambii imefikia wapi. Katika semina moja tulisomewa habari za mwanasosholojia Dan Lortie wa Marekani, ambaye mwaka 1975 alichapisha utafiti wake juu ya maisha ya walimu. Alikuta kwamba malipo waliyoyathamini zaidi ni ya nafsi, yaani kumfikia mwanafunzi na kuona ameelewa. Akakuta pia kwamba malipo hayo yanaandamana na shaka isiyoisha, kwa kuwa mwalimu hana kipimo cha wazi cha kumwonyesha kwamba amefaulu. Niliposikia hivyo nilijisikia kama mtu aliyeambiwa jina la maumivu yake. Nilidhani shaka ile ni yangu peke yangu.

Juu ya hiyo shaka kuna kelele. Katika watoto 58, mmoja anaelewa kitu saa 4:20, na saa 4:21 wawili wanagombania kifutio. Kile cha saa 4:20 kimekwenda. Jioni ukiulizwa siku ilikuwaje utakumbuka kifutio.

Dawa niliyoitumia ni ndogo mno, unaweza kuidharau. Nilinunua daftari la jalada gumu, na kila siku kabla ya kutoka shuleni niliandika mstari mmoja: mtoto nani, kaelewa nini. Siyo alama. Siyo "darasa limefanya vizuri." Nilikuwa naandika hivi: "Leo yule mdogo wa dawati la tatu ameona kwamba robo ni kubwa kuliko sehemu moja ya nane, na ameshangaa, kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne." Siku nyingine sikuwa na la kuandika, nikaacha wazi. Baada ya wiki chache niligundua kwamba majina yanajirudia na kuna watoto hawamo kabisa. Kesho yake nikaanza kupita kwao kwanza. Kwa hiyo daftari lililokuwa la furaha yangu likageuka la kazi yangu, na mpaka leo sijui kuvitenganisha viwili hivyo. Ninayo madaftari 9. Hilo la kwanza lina 224 limezungushiwa duara.

Wenzako watakusimulia pia juu ya siku utakayokutana na mwanafunzi wako wa zamani akiwa daktari au rubani. Hiyo nayo huja, na inapendeza. Ila usiishi kwa kuingojea. Huwa namfikiria Louis Germain, mwalimu wa shule ya msingi wa mwandishi Albert Camus. Baba yake Camus alifia vitani mwaka 1914, mtoto hajatimiza hata mwaka mmoja, na mama yake hakujua kusoma. Germain alimpa masomo ya ziada bila malipo mpaka mtoto akafanya mtihani wa ufadhili wa sekondari, mwaka 1924. Camus alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alimwandikia mwalimu wake barua tarehe 19 Novemba, akamwambia kwamba baada ya mama yake, mtu aliyemfikiria aliposikia habari ile ni yeye. Watu huisimulia hadithi hii kwa ajili ya barua. Mimi huwa nahesabu miaka iliyo katikati: 33. Na ndani ya chumba kile cha darasa walikuwamo watoto wengine ambao hawakupata tuzo, na somo la siku ile lilikuwa lao vilevile.

Nami nimepata barua yangu, ingawa haikuwa ya karatasi. Mwanaume mmoja mzima, mvi zimeanza, alinisimamisha njiani akaniambia, "Mwalimu, siku ile nilipokuja bila kazi ya nyumbani ulinirudishia daftari ukanong'ona, 'Utaleta kesho.' Hukunisema mbele ya wenzangu. Nyumbani kulikuwa na msiba." Nilimshika mkono, nikamshukuru, lakini sikumbuki. Si siku, si daftari, wala uso wake wa utotoni. Kwa siku kadhaa nilitembea na furaha iliyochanganyika na hofu. Kama nimesahau neno lililomshika mtu miaka yote hiyo, basi kuna mwingine mahali fulani amebeba neno langu la ukali ambalo pia nimelisahau. Furaha ya kazi hii na uzito wake zinatoka chungu kimoja. Ukiionja moja, nyingine imo.

Mambo mawili kabla sijakuachia.

La kwanza, jichunguze kama unachokosa ni furaha au ni nguvu. Havifanani. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaeleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia moyoni, na kujiona hufanikishi kitu. Ukiona umeanza kuwaita watoto "hawa", ukiona kengele ya asubuhi inakubana kifua, hapo daftari langu halitoshi. Zungumza na mkuu wako, punguza mzigo unaoweza kupunguzwa, omba mwenzako mgawane usahihishaji, mwone mtaalamu. Mwalimu aliyechoka kiasi hicho hata mtoto akisoma "kitabu" mbele yake hasikii.

La pili, na hili nalisema kwa uchungu: asikulipe mtu kwa furaha hii. Malipo ya moyo ni yako, umeyapata kwa watoto, hayawezi kuwekwa upande wa pili wa mizani badala ya mshahara. Tarehe 5 Oktoba 1966 lilipitishwa Pendekezo la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani kuhusu hadhi ya walimu, na ndiyo sababu tangu mwaka 1994 tarehe hiyo ni Siku ya Walimu Duniani. Linasema mshahara wa mwalimu umwezeshe yeye na familia yake kuishi maisha ya kuridhisha, na kwamba idadi ya watoto darasani imruhusu mwalimu kumshughulikia kila mmoja. Rudia hiyo ya mwisho, wewe mwenye watoto 58. Furaha uliyoniuliza inataka mwalimu apate dakika ya kukaa kwenye dawati la nyuma. Mimi niliipata kwa sababu ya mvua. Haifai iwe inategemea mvua. Kwa hiyo unapodai darasa lenye watoto wachache, usione kwamba umesaliti wito. Unaudai.

Jumatatu chukua daftari moja, la yule mtoto ambaye makosa yake yamekuchosha, kaa naye dakika 5, umwambie akuonyeshe alivyofanya. Usimsahihishe mpaka amalize kueleza. Kisha niandikie.

SWALI: Mwalimu, mwanangu anahama darasa. Mwalimu wake amemsaidia mno na ningependa kumshukuru, lakini sitaki aone kama namhonga. Nimpe zawadi gani?
*Mama wa mtoto mmoja*

JIBU: Mwandikie, mama. Karatasi moja, kwa mkono wako. Usiandike "asante kwa yote", maana "yote" haionekani. Andika kitu kimoja ulichokishuhudia nyumbani ambacho yeye hawezi kukishuhudia: kwamba mtoto sasa anasoma maandishi ya kwenye maboksi bila kuambiwa, kwamba ameacha kulia Jumapili jioni, kwamba amemfundisha mdogo wake kuhesabu na amemwiga mwalimu mpaka namna anavyoshika chaki. Hapo juu nimemweleza mwenzetu kwamba tunakabidhi kazi bila kujua imefikia wapi. Wewe ndiye unayejua. Na mtoto naye aongeze sentensi yake mwenyewe, hata ikiwa na makosa. Usiyasahihishe.

Nina bahasha ya karatasi za namna hiyo. Hazifiki 20 kwa miaka 34, na zote nazijua kwa moyo.

SWALI: Shikamoo dada. Nastaafu mwakani. Nimezoea kelele za watoto kuanzia alfajiri. Naogopa ukimya. Wewe ulifanyaje?
*Mwalimu mwenzio*

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwezi wa kwanza nilikuwa naamka saa 11 alfajiri na kuvaa, halafu nakaa. Nisikudanganye, ulikuwa mwezi mgumu. Watakuambia upumzike, nawe utapumzika, lakini mikono inabaki na njaa ya chaki.

Kilichonisaidia ni mtoto mmoja. Ni mjukuu wa jirani, ana miaka 6, anakuja kwangu Jumatatu na Jumatano jioni, dakika 40, kisha anakwenda kucheza. Sina tena watoto wengine 57 wa kunivuta, kwa hiyo naona kila kitu: anavyokunja midomo kabla ya *mba*, anavyopita *nya* kwa mkato akidhani sitamsikia. Kwa miaka 34 sikuwahi kupata nafasi ya kumsikiliza mtu mmoja akijifunza kusoma tangu herufi ya kwanza. Nimeipata sasa.

Juzi alifika kwenye *ng'ombe*. Alisoma vizuri, kisha akarudi nyuma, akaweka kidole juu ya kile kialama na kuniuliza kinafanya kazi gani, kwa sababu kwenye *ngome* hakipo. Nikamwambia asome yote mawili kwa sauti, asikilize mwenyewe. Akayasoma, *ngome, ng'ombe, ngome, ng'ombe*, kichwa ameinamisha upande mmoja. Hakupata jibu, na muda ukaisha. Alipofika mlangoni nilimsikia bado anayarudia.

Jumatano anakuja tena.